Saa 43 za mia tano mia tano

Mpwa wangu ana miaka 16 na huangalia anime, katuni za Kijapani, kwa spidi ya moja na nusu. Simlaumu sana. Bando lina mwisho wake, na wenzake shuleni wakishamaliza sizoni humwaga mambo yote hadharani kabla mwalimu hajaingia darasani. Lakini Jumamosi moja alikuja kulala kwangu, nikamwekea episodi ya kwanza ya Frieren kwa ile furaha ya mtu anayemwandalia mgeni chakula anachokipenda mwenyewe. Robo saa haijaisha, akanigeukia: "Mjomba, hii kitu mbona inajivuta?"

Nikamwambia avumilie. Akavumilia kwa adabu, simu ameificha chini ya mto wa kochi. Ilipokwisha akasema "nzuri," ile nzuri tunayoisema tukiwa wagonjwa tumeletewa uji usio na sukari, kisha akarejea kwenye Solo Leveling yake.

Neno lile "inajivuta" nimekaa nalo wiki kadhaa. Nikijikagua, karibu kila ninachokipenda katika anime na katika RPG za Kijapani, zile gemu za safari ndefu ambamo mhusika wako anaongezeka nguvu taratibu, kinajivuta. Sababu ninazo, ingawa si safi kama nilivyokuwa nikidhani.

Kwanza nimpe Solo Leveling haki yake. Asili yake si Japani. Ni hadithi ya Kikorea, na studio ya Kijapani A-1 Pictures ndiyo iliyoigeuza anime, ikaanza kuonyeshwa Januari 2024. Episodi mbili za mwanzo ni kazi ya watu wanaojua kutisha. Wawindaji wanaingia kwenye hekalu chini ya ardhi, mlango unajifunga, na sanamu kubwa iliyokaa kwenye kiti cha enzi inatabasamu. Lile tabasamu lilinifuata mpaka kitandani. Sung Jinwoo, mwindaji dhaifu kuliko wote, anaachwa humo afe. Hafi. Anaamka, na kuanzia hapo mbele ya macho yake kinaelea kidirisha chenye maandishi: leveli yako hii, nguvu zako hizi, kazi yako ya leo ni pushapu 100, sitapu 100, kuchuchumaa mara 100 na kukimbia kilomita 10.

Kile kidirisha ndicho ugomvi wangu. Kimetoka kwenye RPG moja kwa moja, na siku hizi kimeenea katika anime kama upele: kijana anagongwa na lori, anazaliwa upya kwenye dunia nyingine, anafungua kidirisha, anasoma namba zake. Kwenye gemu ile namba ni risiti. Inaonyesha umelipa saa ngapi, umetembea wapi, umekufa mara ngapi. Kwenye anime hizi risiti inachapishwa na hakuna aliyenunua kitu. Jinwoo anapiga pushapu zake, kamera inahama, tayari kifua kimejaa na leveli imepanda. Wamechukua namba wakaacha safari.

Mimi namba zile nilizilipia kwa hela.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 15, Ngamiani, Tanga. Kibanda cha gemu kilikuwa na TV tatu za chogo, feni moja isiyogeuka shingo, na benchi ambalo msumari wake ulishachana kaptula za nusu ya mtaa. Mechi ya mpira ya Winning Eleven, mia mbili. Ukitaka kukaa peke yako, mia tano kwa saa. Kaka mwenye kibanda alikuwa na saa ya mezani na daftari la mistari, na ukifika mwisho hakuambii neno, anakuja tu kusimama nyuma yako.

Kwenye boksi lake la diski za kuchoma kulikuwa na moja iliyoandikwa kwa maka peni, "Fainal Fantasi 10." Hakuna aliyekuwa akiitaka. Niliiweka siku moja kwa sababu TV mbili nyingine zilikuwa na foleni ya mpira. Ikaanza na piano. Hakuna kelele, hakuna mlipuko, hakuna jina kubwa la kampuni linalozunguka. Ni piano ya mtunzi Nobuo Uematsu tu, na watu wachache wamekaa kuzunguka moto penye magofu, silaha zao zimesimikwa ardhini. Kijana mmoja anasimama, anamgusa msichana begani, anapanda kilimani, anasema usikilize hadithi yake, huenda hii ndiyo nafasi ya mwisho. Wenzangu kwenye TV ya pili walikuwa wanagombania penalti. Mimi nilishatekwa.

Asiyewahi kucheza gemu za aina hii huenda asielewe jinsi nilivyokuwa kituko mle ndani. Pambano la Final Fantasy X halina haraka hata kidogo. Pembeni mwa kioo kuna orodha ya zamu: wewe, kisha adui, kisha mwenzako, kisha adui tena. Zamu yako ikifika dunia inasimama. Unaweza kwenda kunywa maji ukarudi, joka bado limekungoja. Ni kama bao barazani, na mzee mwenye kete mkononi anayehesabu mashimo mpaka kahawa inapoa. Sasa mchukue mzee huyo umtoze mia tano kwa saa. Kaka mwenye kibanda alinitazama siku ya tatu akasema, "Dogo, yaani unalipa hela uje kusoma?"

Na kweli nilikuwa nasoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, kwa hiyo nilikuja na kamusi. Ndani ya gemu kuna watu wanaoitwa Al Bhed, lugha yao ni Kiingereza kilichobadilishwa herufi, na njiani unaokota vijitabu 26, kila kimoja kinakufungulia herufi moja. Ukiokota cha kwanza, katikati ya maneno ya ovyo inaonekana herufi moja unayoitambua. Ukiokota kumi, unaanza kubahatisha. Wachezaji wenye Kiingereza chao walikutana na hali hiyo kwa Al Bhed tu. Mimi gemu nzima ilikuwa Kial Bhed, na vijitabu vyangu vilikuwa kamusi yenye jalada lililofungwa kwa selotepu.

Hadithi yenyewe nitaieleza kwa kifupi, na asiyetaka kujua mwisho aruke aya mbili. Kuna jitu la baharini liitwalo Sin, linaangamiza miji. Yuna ni msichana anayekwenda hija kwa miguu, hekalu kwa hekalu, kila mahali anaomba na kupewa kiumbe wa kumsaidia, mpaka afike Zanarkand apewe wa mwisho, yule anayeweza kumuua Sin. Tidus, kijana wa kwenye moto, ni mgeni katika dunia hiyo. Anajiunga na walinzi wa Yuna. Mapema kabisa wanafika Kilika, bandari ya mbao ambayo Sin ameisambaratisha. Maiti ziko majini. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya maji, anacheza na fimbo yake, na roho zinapanda kama vimulimuli. Asipofanya hivyo, wafu hubaki na wivu kwa walio hai na kugeuka kuwa mazimwi.

Rudia hapo. Wale mazimwi ndio unaopigana nao njiani. Sisi tuliita "kulima leveli," kuzunguka palepale kwenye nyasi ukichapa wadudu wale wale ili uongeze nguvu. Nililima saa nyingi kabla ya kuunganisha mambo mawili: kila ninayemchapa alikuwa mtu aliyekosa wa kumsindikiza. Gemu haikuwahi kunisimamisha kuniambia hivyo. Ilinipa maelezo Kilika, ikaniacha nitembee nayo. Siku nilipoelewa nilikuwa barabara ya Mi'ihen, nikaendelea kuchapa, maana leveli zilihitajika, lakini mkono ulikuwa mzito.

Kuna mambo ya gemu hii siyasamehe mpaka leo. Kuna pahala panaitwa Thunder Plains, na ukitaka zawadi moja ya siri inabidi ukwepe radi mara 200 mfululizo bila kupigwa hata moja. Mtu aliyebuni hilo hakuwa akitupenda. Na kuna sehemu za filamu zisizorukika. Zanarkand kwenyewe, baada ya hija yote, unakutana na Yunalesca. Kabla ya pambano watu wanaongea, wanalia, wanaongea tena; ni sehemu nzuri kuliko zote, mara ya kwanza. Kisha pambano lenyewe. Yunalesca anakupaka uzombi, na akili ya kawaida inakuambia ujitibu haraka. Basi unajitibu, unajipongeza, anageuka umbo la tatu, anapiga pigo moja linaloua kila asiye zombi. Umekufa kwa sababu ya usafi wako. Unarudi kwenye tufe la kusevu, unatazama watu wakiongea na kulia upya, dakika baada ya dakika, mia tano yako inaungua kwa maneno unayoyajua kwa moyo. Nilipigwa mara nne kwa siku mbili. Mara ya nne nilisevu, nikaenda nyumbani kufikiria. Saa ya gemu ilikuwa imeandika 43 na dakika kidogo.

Niliporudi Jumatatu hazikuwepo.

Memori kadi ya PS2, mashine ya pale kibandani, ni MB 8. Ilikuwa imejaa ligi za watu, timu za watu, wachezaji waliobadilishwa majina kuwa ya mtaani. Mtu alitaka kusevu fainali yake, mashine ikamwambia hakuna nafasi, akatazama orodha akaona faili moja lenye jina asilolielewa, akalifuta. Kaka alinionea huruma, akanipa saa mbili za bure. Nikazikaa kwenye benchi la msumari nikitazama watu wakicheza mpira. Nilipiga hesabu ya 43 mara 500 kwenye kiganja kwa kalamu: shilingi 21,500. Hela za nauli, hela za maandazi, na elfu tatu ambazo shangazi alidhani nimenunulia daftari.

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba Japani nzima ina kovu la namna hii. Dragon Quest ya kwanza, RPG ya mwaka 1986, haikuwa na namna ya kusevu. Ukitaka kuacha, mfalme anakupa "wimbo wa ufufuo," herufi 20 za Kijapani usizoweza kuzielewa, unazinakili kwenye daftari. Kesho yake unaziandika zilezile, unaendelea. Ukikosea moja, huna safari. Dragon Quest II ilipotoka mwaka uliofuata zikafika mpaka 52, na watoto wakawa wanagombana na mwandiko wao wenyewe. Dragon Quest III, 1988, ikaja na betri ndani ya kaseti, ikaitwa "Kitabu cha Safari," watu wakashusha pumzi. Lakini betri ile ilikuwa na tabia zake, na siku ikikorofisha, unawasha gemu, inapiga muziki wa kutisha wa sekunde chache, kisha maandishi: pole sana, Kitabu cha Safari namba 1 kimefutika. Wajapani walioumia utotoni bado wanaujua muziki ule. Nimeusikiliza. Ningependa kaka mwenye kibanda angekuwa nao, angalau ningeagwa rasmi.

Aliyebuni Dragon Quest, Yuji Horii, alifanya jambo ambalo naona watu hawalisifu vya kutosha. Gemu za wakati ule zilitaka vidole vyepesi. Asiye na vidole alikufa tangu mlango wa kwanza. Yake ilisema: usipoweza leo, lima leveli, kesho utaweza. Uvumilivu ukawa nguvu inayopimika. Mtoto mzito, mwenye pedi mbovu, anamaliza gemu sawa na bingwa wa mtaa, tofauti ni siku tu. Leveli ilikuwa rehema, na ndiyo maana inaniuma kuiona leo imekuwa cheo, kitu cha kijana mmoja kuwatambia wenzake.

Michoro ya Dragon Quest, likiwemo lile zimwi la utelezi la samawati linalotabasamu, ni ya Akira Toriyama, aliyefariki Machi 2024. Ndiye wa Dragon Ball. Na Toriyama aliwahi kuonja ugonjwa huu wa namba kabla yetu sote. Aliwaletea wabaya wake kifaa cha kuvaa jichoni kinachosoma nguvu za mtu. Mwanzoni kinanoga: huyu elfu moja na mia tano, yule elfu nane. Kisha anakuja mbaya mwingine, Freeza, na 530,000, na msomaji anajikuta anafanya hesabu badala ya kuogopa. Toriyama alifanyaje? Aliwafundisha mashujaa kuficha nguvu zao, vifaa vikawa vinawadanganya wenye navyo, na baadaye namba zenyewe akazitupa kabisa. Waliokuja nyuma yake wakaziokota jalalani.

Nisionekane mtetezi wa kila kitu kirefu. Naruto ya kwanza ina episodi 220, na karibu 80 za mwisho hazimo kwenye manga, kile kitabu cha katuni kilichoizaa. Anime ilikuwa inaonyeshwa kila wiki, ikamfikia mchoraji mgongoni, na badala ya kusimama wakajaza mchanga kwenye gunia: kazi hii, kijiji kile, mbuni anayepigana. Nilizitazama zote kwa sababu flashi niliyojaziwa ilikuwa nazo na sikuwa na nyingine. Hiyo si safari, ni kusubiri gari stendi. Safari hata ikienda polepole, nyuma yako kuna kitu kinaachwa; kwenye episodi zile Naruto anaamka kila wiki akiwa vilevile alivyolala. Na Bleach ilifanya mchezo mbaya zaidi, ilikatiza vita katikati ikaingiza mchanga, ikarudi vitani kama hakuna kilichotokea. Sitaki hata kuizungumzia.

Kinyume chake ni Aerith. Kila mtu anaujua msiba wa Final Fantasy VII hata kama hajagusa pedi: gemu ya 1997, diski tatu, na mwisho wa diski ya kwanza msichana wa maua anauawa akiwa anasali. Niliicheza nikiwa chuo kwenye kompyuta ya rafiki, nikijua kabisa litatokea, nikidhani nitatazama kama mtu anayepita msibani kwa wasiomhusu. Nilichokuwa sikijui ni kinachofuata. Unafungua begi lako, na yale mawe ya nguvu uliyomvisha, materia, yamerudi. Yapo pale, yamepangwa, na nguvu zilizopanda akiwa ameyavaa. Gemu imegawa mirathi. Nilikuwa nimemlimia leveli kuliko wenzake kwa sababu ndiye aliyekuwa akituponya. Zile saa zilizama naye ziwani, na mawe yakabaki. Ukitazama msiba ule kwenye video utaona uhuishaji wa mabonge ya 1997, mikono kama soseji, utashangaa watu walikuwa wanalilia nini. Walikuwa wanazililia saa zao.

Mpwa wangu alipoisikia hoja hii alisema, "Sasa hiyo si hasara tu?" Ndiyo, hasara. Sijaona msiba usio hasara.

Turudi kwa Frieren basi. Manga ni ya Kanehito Yamada na michoro ya Tsukasa Abe, ilianza 2020. Anime ilianza Septemba 2023, sizoni ya kwanza episodi 28, studio Madhouse. Ni RPG ambayo imeanza baada ya kumalizwa. Shujaa Himmel, padri Heiter, mbilikimo Eisen na mchawi Frieren wameshamuua mfalme wa mashetani. Wamesafiri miaka kumi. Hatuoneshwi. Tunaanzia wanaporudi mjini kwenye gari la farasi, wakijadiliana watafanya kazi gani sasa. Usiku wanatazama vimondo vinavyopita mara moja kila miaka 50, na Frieren, ambaye ni wa ukoo unaoishi zaidi ya miaka elfu moja, anasema kwa wepesi kwamba anajua mahali vinapoonekana vizuri zaidi, mara ijayo atawapeleka. Kama mtu anayesema tutaonana Ijumaa.

Anakwenda zake kukusanya uchawi. Anarudi miaka 50 imepita, Himmel ni kizee kifupi chenye kipara. Wanne wale wanatembea wiki nzima kwenda kuviona vimondo, na baada ya hapo Himmel anafariki. Kaburini watu wananong'ona kwamba mbona huyu halii. Ndipo analia. Anasema hakumjua, alisafiri naye miaka kumi tu, alijua binadamu hawaishi sana, kwa nini hakufanya bidii amjue?

Pale "miaka kumi tu" ndipo mpwa wangu aliposema inajivuta.

Yote yanayofuata ni yeye kuipita upya njia ileile na vijana wawili, Fern na Stark. Kila kijiji kina sanamu ya Himmel au mtu anayemkumbuka. Anakubali kazi za kijinga kwa malipo ya vitabu vya uchawi usio na faida: uchawi wa kutoa kutu kwenye sanamu, uchawi wa kuligeuza zabibu tamu kuwa chachu. Anaingia kwenye mapango na kila kasha la hazina anapima kama ni zimwi lililojificha. Uchawi wake unasema ni zimwi, kwa uhakika wa asilimia 99, naye anafungua kwa ajili ya ile moja, tunaona miguu tu inaning'inia nje ya meno. Aliyecheza Dragon Quest anacheka mpaka machozi, maana kila mmoja wetu amewahi kufungua kasha lile.

Na hakuna kidirisha. Hakuna anayesoma leveli yake. Frieren amekusanya nguvu kwa zaidi ya miaka elfu, na anazificha, kwa sababu mashetani huupima ukubwa wa mtu kwa nguvu zinazomtoka na anataka wakosee. Ni kifaa cha Freeza tena, kinadanganywa tena. Wengine walichukua namba wakaacha saa. Hawa wamechukua saa, namba wakaiacha.

Kuna episodi moja wanakaa miezi kadhaa mji wa pwani wakisafisha ufuo uliojaa mabaki ya meli. Kazi ikiisha, wanangoja kuona jua la mwaka mpya likichomoza baharini. Miaka ile na Himmel, Frieren alilala, hakuliona. Safari hii anaamka, macho mekundu, anatazama, anaona ni jua tu. Anataka kurudi kulala. Kisha anamwona Fern usoni. Mimi ni wa Tanga. Kwetu jua linachomoza baharini kila siku ya Mungu, bure, na nadhani nimeliona mara sita maishani. Niliisimamisha video nikakaa.

Sasa ile sababu yangu isiyo safi.

Mwezi uliopita nilimwekea mpwa Final Fantasy X kwenye kompyuta yangu, toleo lililoboreshwa. Lina vitufe vya kuharakisha: Tidus anakimbia kama amechomwa na siafu, na ukitaka unazima kabisa mapigano ya njiani. Nilimsihi asivitumie. Akavitumia. Alipita barabara ya Mi'ihen, niliyoitembea wiki mbili kwa hela za shangazi, baina ya magharibi na chakula cha usiku. Nilikuwa jikoni nikimkasirikia kimyakimya.

Akafika Moonflow, mto mpana wenye maua yanayovuta vimulimuli vya roho. Lulu, mmoja wa walinzi, anaeleza kwamba usiku vinang'aa mto mzima kama bahari ya nyota. Tidus anaruka kwa furaha: tukishamuua Sin, tutarudi hapa tutazame kwa nafasi! Sehemu hiyo naikumbuka vizuri nilivyoikuta kibandani. Lilitokea neno "pyreflies," nikainamia kamusi, nikalitafuta kurasa za P mbele na nyuma, halikuwepo kwa sababu ni neno la kubuni, nami dakika zangu zinakwenda. Nilipoinua kichwa walikuwa wameshaanza kuongea mengine. Nilikuja kujua kwamba hija ya Yuna ni ya kwenda kufa pale gemu iliponiambia, saa nyingi baadaye, jangwani, pamoja na Tidus.

Sebuleni kukawa kimya. Nikachungulia. Kijana ameweka pedi mapajani.

"Mjomba."

"Naam."

"Huyu kasema watarudi, halafu wenzake wote wakanyamaza. Wanaangaliana. Mbona hakuna aliyemjibu?"

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Cheza tu, baba." Nikarudi kugeuza ugali.